Kelele ao maendeleo ya kweli? Mwongozo kamili wa kupima teknolojia mpya mbele ya kutoa makuta

Kila wiki kuko mtu ananiandikia: yaya, nilinunua betri ya lithiamu ya 200Ah, kuran ikienda inashika saa mbili tu halafu inazima, shida ni nini? Mwingine anatuma video ya pawabanki ya 100000mAh anauliza kama anunue tatu auzishe Katuba. Mwingine, huyu anatumika kwa mine upande wa Kolwezi, alisoma kwamba Wachina wametengeneza betri ya chumvi yenye haihitaji kobalti, sasa hatulie, anaona kobalti imeshakufa na kazi yake pamoja.

Maswali tatu, shida moja. Wote wanauliza "ni ya kweli?" na jibu ni ndiyo kwa wote. Lithiamu ni ya kweli, pawabanki ni ya kweli, betri ya sodiamu, ile wanaita ya chumvi, pia ni ya kweli kabisa. Swali lenye hawaulize ni hili: hiyo teknolojia imefika wapi leo, na hii yenye iko mbele yangu njo ileile yenye wanasifia? Hapo njo watu wanaanguka, sasa tuipange hatua kwa hatua. Mfano wangu mkubwa utakuwa betri na solar, juu delestaji, ile kukatiwa kuran kwa zamu, inatugusa sisi wote hapa Lubumbashi, lakini njia ni ileile kwa kitu chochote kipya.

## Vitu vya kutayarisha

- Kaye na biki. Usiseme utakumbuka, hautakumbuka.
- Telefone yenye kalkileta.
- Mita ya kupimia, ile ya mafundi wa ujenzi ama ya washonaji, yote sawa.
- Mizani. Kama hauna, mama anayeuza tomson kwa kilo atakupimia, mpe kitu kidogo.
- Multimetre ya bei ndogo, ya kusoma volti tu inatosha.
- Ampule mbili za zamani za 100W, zile zenye zinachoma mkono ukizigusa. Za LED hapana, nitaeleza.
- Fundi mmoja wa elektroniki mwenye hakuuzishii kitu. Huyu njo wa maana kuliko vyote.

Haulipi kitu mpaka umemaliza hatua zenye zinahusu kitu chako. Muuzaji akikwambia promosheni inaisha leo saa kumi, mwache iishe.

## Hatua ya 1: Andika ahadi kwa sentensi moja

Chukua kile walikwambia, ikuwe video, afishi ama mtu wa butiki, uandike kwa sentensi moja yenye iko na hesabu, kipimo, bei na siku. Kwa mfano: "Betri hii ya kilo 11 inabeba 1280Wh, ni dola fulani, iko hapa leo." Hiyo ni ahadi, unaweza kuipima. (Wh ni nguvu yote yenye betri inabeba: volti zake mara Ah zake.)

Sasa jaribu na hii: "Betri ya grafini, teknolojia ya Japani, nguvu mara kumi, inadumu milele." Mara kumi ya nini? Milele ni miaka ngapi? Grafini iko ngapi ndani, na inafanya kazi gani? Ukiandika unaona sentensi iko tupu. Grafini yenyewe si uongo, ni kaboni nyembamba sana ya unene wa atomu moja, wenye waliitenga 2004 walipata zawadi ya Nobel 2010, lakini neno kwenye kartoni haliongeze hata Wh moja.

Sababu ya kuandika: maneno ya mdomo yanabadilika. Asubuhi ilikuwa "200Ah", jioni unaporudi kulalamika inakuwa "200Ah ya piki, baba, si ya kawaida".

Onyo: asilimia bila kitu cha kulinganisha ("bora 300%") usiihesabu kama hesabu. Ifute.

Utajua umefaulu kama mtu mwenye hakuona video anaweza kusoma sentensi yako na akajua kitu gani kipimwe. Ukishindwa kuiandika, umeshapata jibu, usiende hatua ya 2.

## Hatua ya 2: Iko kwenye ngazi gani?

NASA wako na ngazi 9 za kupima teknolojia imekomaa namna gani, ya 1 ni wazo la sayansi tu, ya 9 ni kitu chenye kimeshatumika kwa kazi ya kweli na kimefanikiwa. Sisi hatuhitaji zote tisa. Andika hizi tano kwenye kaye, ukubwa wa ukurasa mzima:

1. Maabara: walifanya kipande kidogo, kilifanya kazi.
2. Mfano: walifanya kimoja ama vichache vya kuonyesha.
3. Kiwanda: wanafanya vingi, vyote vinafanana.
4. Butiki: unaweza kukilipa leo ukatoka nacho.
5. Fundi: kikiharibika kuko mtu mjini anaweza kukitengeneza.

Habari nyingi zenye zinazunguka kwenye telefone ni za ngazi ya 1 na ya 2, lakini zimevalishwa nguo za ngazi ya 4. Angalia solar. Mwaka 2024 kampuni ya LONGi ya China ilitangaza seli ya silikoni na perovskite (kitu kipya chenye wanapaka juu ya silikoni) yenye inageuza 34.6% ya mwanga kuwa umeme, rekodi ya dunia, kila mtu akashangilia. Seli za rekodi za namna ile ni ndogo kama ukucha. Mwaka uleule kampuni ingine, Oxford PV, wakatuma paneli za kwanza za namna hiyo kwa mteja wa kweli, na paneli zile zilikuwa 24.5%. Kutoka 34 mpaka 24, ile tofauti njo njia kati ya maabara na butiki. Hakuna aliyedanganya, lakini mwenye alisoma habari ya kwanza tu akakuja kuuliza paneli ya 34% sokoni Mzee Kabila, atapata mtu wa kumuuzishia, amini mimi.

Sasa namna ya kupata ngazi bila kuwa ingenieri: soma vitenzi. "Itakuwa", "inaweza", "inatarajiwa", "wanasayansi wanaamini", hiyo ni ngazi ya 1 ama 2. "Inauzishwa", "imetumwa", "imeharibika", "imerudishwa", hiyo ni ya 4 kwenda juu. Ndiyo, hata malalamiko ni dalili nzuri, kitu chenye hakuna mtu analalamika nacho ni kitu chenye hakuna mtu anacho.

Halafu tafuta tarehe ya zamani ya ahadi ileile. Toyota mwaka 2017 walikuwa wanasema magari yenye betri ngumu (solid-state), ile yenye haina maji ndani, yatatoka mwanzo wa miaka ya 2020. Baadaye wakasema 2027 ama 2028. Simaanishe ni waongo, ile kazi ni ngumu kweli. Namaanisha ukiona tarehe inasogea kila mara, usiuze betri yako ya leo kwa kungojea ile.

Onyo la video: video si ushahidi. Kampuni ya Nikola ya Marekani ilionyesha video mwaka 2018 ya lori lao la umeme linatembea kwa barabara, vizuri kabisa. 2020 ikajulikana lori lilikuwa linateremka mlima, halina nguvu yake mwenyewe. Kampuni ikafilisika Februari 2025. Kama kampuni ya mabilioni ilifanya vile, kijana wa TikTok atashindwa?

Utajua umefaulu kama umeandika namba moja kati ya 1 na 5 na umeandika pembeni ni kwa sababu gani. Ngazi ya 1 na 2: furahia, soma, usilipe. Ngazi ya 3: ngojea. Ya 4 na 5: endelea.

## Hatua ya 3: Peleka kwenye mizani na mita

Hapa njo penye nataka ukae, juu hatua hii peke yake ingeokoa makuta mingi sana kwa mji huu na haiombe kusoma sana. Kartoni inaweza kudanganya, stika inaweza kudanganya, lakini nguvu inahitaji mwili. Kila Wh inakaa ndani ya gramu fulani za madini, na kila wati ya solar inahitaji nafasi fulani ya jua. Hakuna njia ya kupita pembeni.

Pawabanki. Chukua mAh (1000 ni Ah moja), zidisha kwa 3.7, njo volti za seli, gawa kwa 1000, unapata Wh. Ile ya 100000mAh ni 370Wh. Seli nzuri za lithiamu za leo zinabeba karibu 250Wh kwa kilo moja. Gawa 370 kwa 250: seli peke yake ziwe karibu kilo moja na nusu, bado plastiki na waya. Sasa ile ya kwenye video mtu anaishika na vidole viwili. Ukiipima inakuwa gramu 300 na kitu, kumbe ni ya 20000mAh kama una bahati.

Kitu kingine cha kukusaidia: ndege haziruhusu pawabanki ya zaidi ya 100Wh bila ruhusa ya kampuni ya ndege, na 100Wh ni karibu 27000mAh. Njo maana makampuni ya kweli mengi yanasimama kwenye 26800 ama 27000. Ukiona namba kubwa kuliko hapo kwenye kitu kidogo cha mfuko, anza kucheka.

Na usimlaumu muuzaji bure: pawabanki ya kweli ya 20000mAh itakupa karibu 13000mAh tu kwenye telefone, juu ndani ni volti 3.7 na nje inatoka volti 5 na ingine inapotea kwa joto. Ile si wizi, ni hesabu.

Betri ya nyumba. Ile ya lithiamu yenye imeandikwa LiFePO4, volti 12.8 na 100Ah, ni 1280Wh. Uzito wake uwe kati ya kilo 9 na 13 hivi. Ukipata kilo 5, haiwezekane, ni nusu ama chini. Ukipata kilo 28, angalia vizuri, unaweza kuwa na betri ya risasi, ile ya kawaida kama ya gari, yenye wameivalisha stika, kwani ya risasi ya 100Ah inakuwa kati ya kilo 25 na 32. Na jua kwamba ya risasi unatumia nusu tu kama unataka idumu, kwa hiyo 100Ah ya risasi ni kama 600Wh kwa maisha ya kila siku.

Kuko wenye wanajaza mchanga ndani ili mizani ikubali. Kwa hiyo uzito mdogo unahukumu, uzito mzuri bado hauhukumu, ngojea hatua ya 4.

Paneli. Pima urefu na upana kwa mita, zidisha. Jua la saa sita mchana linaleta karibu wati 1000 kwa mita mraba moja, na paneli nzuri za butiki zinashika 20 mpaka 23 kwa mia. Kwa hiyo mita mraba moja ni wati 200 na kitu, basi. Paneli ya mita 1 kwa sentimita 67 ni mita mraba 0.67, haiwezi kupita karibu wati 150. Na hiyo saizi njo yenye utaikuta imeandikwa 300W bila haya. Paneli ya kweli ya 550W ni kubwa kama mlango na zaidi, mita mbili na robo kwa mita moja na kidogo, na inaomba watu wawili kuibeba.

Vinavyopita mpaka wa Kasumbalesa vinapita vyote, vizuri na vibaya kwenye kontena moja. Fanya hesabu hapohapo butiki, kwa sauti ya kawaida, bila kugombana. Wauzaji wengi wenyewe hawajui, waliambiwa na wenye waliwauzishia.

Utajua umefaulu kama hesabu yako na stika zinakaribiana, tofauti ya sehemu moja kwa kumi haina neno. Ikiwa mara mbili ama tatu, rudisha kwenye meza, sema asante.

## Hatua ya 4: Ichomee ampule

Hii ni ya betri za nyumba, fanya mbele ya kulipa yote ama mbele ya garanti kuisha. Patana na muuzaji: nalipa kidogo, napima leo, kesho namaliza deni.

Jaza betri mpaka chaja iseme imejaa. Iache saa moja bila kitu. Pima volti: ya LiFePO4 yenye imejaa inakaa juu kidogo ya 13.3, ya risasi inakaa karibu 12.7. Andika.

Funga inveta, ile yenye inageuza umeme wa betri kuwa wa nyumba, weka zile ampule mbili za 100W, andika saa. Kwa nini za zamani? Juu zinakula kiasi kilekile mwanzo mpaka mwisho. LED zingine zimeandikwa 15W na zinakula 9, televizio inapanda na kushuka kufuatana na picha, utapima upepo.

Sasa hesabu: ampule zinakula 200W, inveta inakula zake, kwa hiyo betri inatoa karibu 227W. 1280 gawa kwa 227 ni saa tano na nusu na kidogo. Kila saa soma volti. LiFePO4 ya kweli inashangaza watu hapa, volti zinakaa palepale karibu 13 saa nyingi halafu mwishoni zinaanguka ghafla na betri inajizima. Ya risasi inashuka polepole kama mtu anateremka ngazi. Hiyo tabia peke yake inakwambia ni gani, hata kama stika imepotea.

Maonyo, soma vizuri:

Usipimie chumba cha kulala, na usiache peke yake usiku wa kwanza. Weka kwenye simenti, mbali na pazia na makala. Usiguse ncha mbili na kitu cha chuma, hata pete. Betri ikivimba, ikinuka ama ikichoma mkono, tosha ampule, ipeleke nje, usifungue. Na usijaze ya lithiamu na chaja ya zamani ya betri ya gari, zingine ziko na mtindo wa kupiga volti za juu kusafisha risasi, ile inaumiza lithiamu.

Ampule zikiwaka kati ya saa tano na sita, umenunua kitu. Zikizima saa mbili na nusu, uko na 50Ah hivi na unalipa bei ya 100. Rudi na kaye yako, saa na volti zimeandikwa, maneno hayatakuwa mengi.

## Hatua ya 5: Muulize fundi mbele ya kumuuliza muuzaji

Ndani ya betri ya lithiamu kuko kadi ndogo yenye inalinda seli, inakata ikijaa sana ama ikiisha sana. Hiyo kadi njo inakufa mbele ya seli mara nyingi. Muulize fundi wako maswali mawili: umeshafungua ya mark hii? Hiyo kadi inapatikana hapa? Akisema boksi yake imegundishwa haifunguke, ama hajaona kipande chake kwenye komini ya Kenya wala ya Kamalondo, basi kitu kiko ngazi ya 4, hakijafika ya 5, na bei yako ishuke kwa sababu ya hiyo.

Garanti iandikwe kwenye fakture, na tarehe, na namba ya betri. "Garanti mwaka mmoja" ya mdomo, kwenye meza yenye kesho haitakuwa pale, ni hadithi.

## Hatua ya 6: Akili bandia, pima na kazi yako mwenyewe

Toka ChatGPT, ile programu ya akili bandia yenye inajibu maswali, ilitoka Novemba 2022 nasikia pande mbili tu, wenye wanasema itatufukuza wote kazi na wenye wanasema ni mchezo wa watoto. Usisikilize pande zote mbili. Chukua maswali kumi ya kazi yako yenye unajua majibu vizuri sana: kama uko soudeur (fundi wa kuunganisha chuma), uliza unene wa elektrodi kwa chuma fulani, kama unauzisha dawa, uliza vipimo vyenye unavijua kwa kichwa, kama uko mwalimu, mpe zoezi lenye ulisahihisha jana. Mbili kati ya hizo ziwe za hapahapa, mambo ya Lubumbashi, na moja uliza kwa Kiswahili chetu hiki, si cha Zanzibar.

Utaona inaandika barua vizuri sana, inafupisha, inatafsiri Kifaransa vizuri, halafu kwa mambo ya hapa inaanza kubuni kwa sauti ileile ya uhakika. Ile sauti njo hatari. Mwaka 2023 mawakili wa New York walipeleka kwa juge kesi zenye ChatGPT ilibuni, hazijawahi kuwa, wakapigwa faini ya dola 5,000. Watu wenye walisoma sheria!

Hesabu majibu mazuri juu ya kumi, uandike pia makosa ni ya namna gani. Kosa lenye unaliona mara moja halina shida, ni lile lenye lingekupita njo la kuogopa. Itumie pale penye unaweza kusahihisha mwenyewe. Na ukirudia maswali yaleyale nyuma ya miezi sita utaona kwa macho kama kuna maendeleo ama ni kelele tu, hauhitaji mtu akwambie.

Programu yenye inajiita "akili bandia" inayosoma picha ya jiwe na kukwambia shaba iko ngapi kwa mia: peleka jiwe lenye laboratwari imeshapima. Ikikosa, ifute kwenye telefone.

## Hatua ya 7: Makuta inatoka wapi?

Fupi. Kama kile wanakuuzishia ni "roboti ya akili bandia inayotrade" ama sarafu mpya, uliza faida inatoka wapi. Kama jibu lina maneno "leta watu", simama hapo. OneCoin ilianza 2014, wakisema ni sarafu kubwa kuliko Bitcoin, waendesha mashtaka wa Marekani wanahesabu zaidi ya dola bilioni 4 zilipotea, na mwenye kuianzisha, Ruja Ignatova, hajaonekana toka Oktoba 2017. Ndani hakukuwa na teknolojia ya kweli yoyote. Wazee wetu waliona Bindo, mchezo wa makuta wa namna ileile, mwaka 1990 na 1991, bila kompyuta hata moja, waulizeni.

## Hatua ya 8: Kusoma habari ya betri kama mtu wa Katanga

Hii naweka mwisho juu ya yule ndugu wa Kolwezi na wengi kama yeye. Habari inasema "betri mpya bila kobalti, Kongo imekwisha". Tupitishe kwenye kaye.

Sentensi: betri zisizo na kobalti zitapunguza kobalti yenye dunia inanunua. Ngazi: ya 5, zamani sana. LiFePO4 haina kobalti hata kidogo, ilitangazwa na timu ya mwanasayansi John Goodenough 1997, na mwaka 2024 karibu nusu ya betri za magari ya umeme duniani zilikuwa za namna hiyo. Kwa hiyo hapa si kelele, imeshatokea, na ile betri ya nyumba ulipima hatua ya 4 ni shahidi. Ile ya sodiamu, kampuni ya CATL ya China walionyesha ya kwanza 2021, na 2025 wakatangaza ya 175Wh kwa kilo. Kwa karatasi imekaribia LiFePO4, lakini bado iko chini ya zile zenye kobalti na nikeli. Mimi naiweka ngazi ya 3 inaenda 4.

Sasa njo penye watu wanaruka haraka. Bei ya kobalti ilipita dola 90,000 kwa tani mwaka 2018, mwanzo wa 2025 ilikuwa imeanguka karibu na 21,000. Ukisema ni betri ya chumvi imeiua, umekosea mtuhumiwa. Kongo inatoa zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia, na mine kubwa kama za kampuni ya China CMOC, njo Tenke Fungurume na Kisanfu, zilitoa nyingi sana kupita kile soko linaweza kumeza. Njo maana serikali ilisimamisha kutuma nje Februari 2025, na Oktoba ikaweka kiasi maalum kwa kila kampuni. Bei ikapanda tena, na hakuna betri yoyote yenye ilikuwa imebadilika kwa hiyo miezi. Kumbe kilichokuwa kinasogeza bei ni wingi wa madini, zaidi ya maabara.

Na jambo la pili: kobalti ya kwetu nyingi inatoka pamoja na shaba, ni mtoto wa mgongoni. Mine haifungwe kwa sababu kobalti imeshuka kama shaba bado inalipa, na Kongo sasa ni ya pili duniani kwa shaba nyuma ya Chile. Kama unatumika kwa mine, fuata bei ya shaba kila wiki na bei ya kobalti mara moja moja. Mwenye anakusanya kobalti peke yake kwa mikono, huyo ndiyo yuko kwenye upepo, kwake ushauri wangu ni mwingine, asiweke makuta yote kwenye stoki akingojea 2018 irudi.

Telefone na kompyuta bado zinatumia kobalti, kwani pale nafasi ni ndogo na kila gramu inahesabika.

Kitu kimoja cha kufuata kama unataka kujua maendeleo ya kweli ya betri bila kusoma habari za kushtua: bei ya wastani ya pakiti za lithiamu kwa kWh (Wh elfu moja), yenye BloombergNEF, kampuni ya kuchunguza bei za nishati, wanatoa kila mwisho wa mwaka. Mwaka 2010 ilikuwa juu ya dola 1,000. 2023 ilikuwa 139. 2024 ikawa 115. Hakuna mwaka hata mmoja wenye kulikuwa na muujiza, ni viwanda tu vinajifunza kupunguza hapa na pale. Ichore kwenye kaye yako. Chini yake andika bei ya betri ya 100Ah kwenye butiki zenu, Januari na Julai, ya kweli yenye imepita ampule, ukiweka na jina la fundi aliyeifungua. Nyuma ya mwaka mmoja utakuwa na karatasi yenye wauzaji watakuja kuomba kuiona.